Wiki ya Ndoo Sita

"Nikikikataa kitabu chenu, mtarudi kunichotea maji?"

Nana aliuliza hivyo Jumanne asubuhi, mimi nikiwa nimeinama nikimimina ndoo ya pili kwenye pipa lake la bluu. Aliuliza kwa Kifante, amemgeukia mwenzangu kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimwelewa vizuri. Mwenzangu hakunitafsiria papo hapo. Alisubiri mpaka nikaitua ndoo, ndipo akanipa maneno yale yale kwa sauti ya chini, bila kuyapunguza makali.

Nikajibu upesi: "Tutarudi, Nana. Bila shaka."

Nana akatikisa kichwa. "Mwambie asinijibu leo. Jibu lililotoka haraka hivyo halijapita moyoni."

Tangu nirudi nyumbani nimeulizwa mara nyingi misheni ilinifundisha nini. Watu hutaka kusikia habari za miezi yote 24. Mimi kila nikianza kufikiri najikuta nimerudi kwenye wiki hiyo moja ya Juni 2022, mjini Cape Coast, pwani ya Ghana, na kwenye swali la mwanamke mzee ambaye hakuwa na haja ya kubadili kanisa.

Nilikuwa na miaka 19. Nilikuwa mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, kanisa ambalo wengi wanatujua nalo kwa jina la Wamormoni. Kitabu alichokitaja Nana ni Kitabu cha Mormoni, andiko letu pamoja na Biblia. Mimi ni Mkenya, na mahali pa kutumikia hukuchagua mwenyewe. Unajaza fomu, unapimwa afya, unahojiwa na askofu wako kisha na rais wa kigingi, yaani kiongozi wa kundi la makanisa ya eneo, halafu unakaa kungoja. Wito wangu ulipofika ulitaja Ghana, Misheni ya Cape Coast, miaka miwili. Mama aliusoma mara tatu akiwa amesimama. Wakati huo Kenya haikuwa na hekalu, nyumba takatifu ambayo kwetu ni tofauti na kanisa la kila Jumapili; la Nairobi liliwekwa wakfu Mei 2025, mimi nikiwa nimesharudi. Hekalu la kwanza kuingia maishani mwangu lilikuwa lile la Accra, ambalo lipo tangu 2004.

Maisha ya mmisionari yana ratiba ambayo mtu wa nje huiona kama jeshi. Unaamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, unasali, unafanya mazoezi, unasoma maandiko peke yako kisha na mwenzako, na saa nne na nusu usiku taa inazimwa. Mwenzako humwachi. Mnatembea pamoja, mnakula pamoja, na mkigombana mnagombana ndani ya chumba kimoja mpaka mpatane, maana hakuna pa kukimbilia. Wangu alikuwa kijana wa Kumasi, amenitangulia misheni kwa mwaka mzima, mtulivu, mwenye subira kuliko mimi. Kitwi chake na Kifante cha Cape Coast vinasikilizana, kwa hiyo yeye alikuwa ulimi wetu sote wawili. Na wamisionari hatuogelei. Nimeishi miezi mingi nikisikia mawimbi ya Atlantiki usiku, na sikuwahi kuingia maji yale.

Tulimkuta Nana wiki tatu kabla ya hapo akipanda kilima kidogo na ndoo kichwani, anasimama kila hatua kumi. Tukampokea ndoo. Kesho yake tukarudi, na keshokutwa. Pipa lake lilikuwa linajaa kwa ndoo sita, na kutoka bomba la mtaa mpaka uani kwake ni mwendo wa kama dakika saba, wenye mteremko wa mawe ambao ukiwa na maji kichwani unauhesabu kwa vidole vya miguu. Yeye alikaa peke yake na mjukuu mdogo wa kike. Marehemu mumewe alikuwa mvuvi.

Sasa niseme jambo ambalo sikuwa nimejiambia hata mimi mwenyewe mpaka aliponiuliza. Nilikuwa nimefundishwa, na mpaka leo naamini, kwamba huduma hufungua mioyo. Lakini ndani yangu neno hilo lilikuwa limegeuka upande. Nilichota maji huku nikiwa nauangalia mlango. Kila ndoo niliyomimina niliihesabu kama hatua kuelekea siku atakayosema, haya, kaeni, nisomeeni hicho kitabu chenu. Ningeulizwa kama nampenda yule bibi ningesema ndiyo, na nisingekuwa nadanganya. Ila upendo wenyewe ulikuwa na risiti mkononi.

Nana aliliona hilo kabla yangu. "Wamepita wengi hapa," alimwambia mwenzangu Jumanne ile, "wa makanisa ya kila aina. Wanachota wiki mbili. Nikiwaambia mimi nina kanisa langu, miguu yao inakuwa mizito." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza tabia ya mvua.

Jumanne pwani ya Wafante hakuna anayekwenda baharini. Ni siku ya bahari kupumzika, desturi ya zamani sana, na wavuvi wanaishika. Mitumbwi imelala mchangani, mirefu, imepakwa rangi na kuandikwa maneno ya imani ubavuni, nayo mingine iko chini kabisa ya ukuta wa ngome ya Cape Coast, mbele ya mlango ambao watumwa walitolewa wakapakiwa merikebuni. Wanaume wanakaa chini wakishona nyavu. Kwetu wamisionari ndiyo ilikuwa siku nzuri ya kuzungumza na kina baba, na kwa kawaida niliipenda kuliko siku nyingine zote za wiki. Lakini siku hiyo nilitembea kati ya nyavu zile nikisalimiana na watu huku kichwa kikiwa kwenye pipa la Nana. Mzee mmoja alinipa sindano ya mbao ya kushonea, akanionyesha fundo moja, nikalikosea mara tano. Akalifungua kila mara bila neno.

Kabla hatujaondoka kwa Nana alikuwa ameuliza jambo jingine: nilizaliwa siku gani? Waakan, jamii ambayo Wafante ni sehemu yake, humwita mtoto kwa jina la siku aliyozaliwa, na jina hilo linamkaa hata akipewa mengine kumi. Wa kiume wa Ijumaa ni Kofi, wa Jumapili ni Kwesi. Sisi Waswahili siku tunazihesabu, Jumamosi mpaka Jumatano, lakini hatuvai siku mwilini kama wao. Sikujua yangu. Nikafungua simu, nikatafuta tarehe iliyo kwenye pasi, ikaniambia Alhamisi. "Yaw," akasema Nana, na tangu hapo akaacha kuniita kwa jina la kwenye beji.

Usiku ule nilimwambia mwenzangu, "Nimemjibu vibaya."

"Hukumjibu vibaya," akasema. "Ulijibu swali lako mwenyewe, si lake."

Akapiga magoti kusali, nami nikapiga magoti upande wa pili wa chumba, na nilikaa muda mrefu bila kupata neno la kuanzia.

Jumatano tulikuwa na baraza la wilaya asubuhi, mkutano wa wamisionari wa eneo letu, mikutano mpaka jioni, hatukufika kwa Nana. Saa mbili usiku mvua ikaanza. Juni ndio mwezi wa mvua kubwa kusini mwa Ghana, na ile ilikuja na upepo wa baharini unaosukuma maji kwa ubavu mpaka yanaingia chini ya milango. Tulitandika matambara, tukayakamua, tukayatandika tena. Mabati ya nyumba ya jirani yalikuwa yakigonga kama mtu anayetaka kufunguliwa. Nilimwaza Nana na lile banda lake la jiko, nguzo nne na mabati manane ya zamani.

Alhamisi asubuhi tukalikuta chini. Nguzo moja ilikuwa imeng'oka na tope lake, mabati mawili yako kwa jirani, moja limekunjwa kama karatasi ya barua. Nana alikuwa amekaa juu ya kigoda, amewasha moto wa vijiti vitatu chini ya mwembe, anachemsha uji wa mjukuu. Alituona na mavazi yetu ya kazi, bila tai, akasema tu, "Chakula kwanza. Jiko halikimbii."

Fundi wa mtaa alikuja na nyundo yake. Alikuwa Mwislamu, mtu wa makamo, hakuulizwa wala hakuahidiwa kitu. Ni yeye aliyejenga. Sisi tulikuwa vibarua wake. Mwenzangu alichimba shimo la nguzo. Mimi nilipewa kazi ya kung'oa misumari ya zamani na kuinyosha, kwa sababu mipya haikuwepo. Nadhani sijawahi kufundishwa kitu kwa makini kama fundi yule alivyonifundisha kunyosha msumari. Unautafutia jiwe lililo bapa. Unaulaza mgongo wake ukiwa juu, ile sehemu iliyobinuka ikitazama mbinguni, unaushika kwenye kichwa kwa vidole viwili, kisha hupigi kwa nguvu. Unagonga pole, unauzungusha kidogo, unagonga tena, na sikio linakuambia: msumari ambao bado umepinda unalia kwa sauti ya kukwaruza, ulionyoka unalia mkavu. Niliharibu wa kwanza na wa pili. Kufikia wa kumi nilikuwa nimeelewa. Nilinyosha zaidi ya sitini siku ile, na kidole gumba cha kushoto kikavimba kikawa rangi ya zambarau.

Saa sita tukakaa kivulini. Hapo ndipo Nana alipotusimulia habari ambazo sikuwa nazijua. Yeye ni Mmethodisti, na Cape Coast ndiko Umethodisti ulikoanzia Ghana. Aliyeuleta, Joseph Dunwell, alifika Januari 1835, na Juni ya mwaka ule ule alikuwa amekufa kwa homa. "Kijana kama ninyi," akasema. "Miezi sita tu. Alibatiza wangapi? Hata sijui. Lakini najua alikuja na najua alizikwa hapa hapa." Kisha akatuambia kuhusu rafiki yake mmoja, jirani wa zamani, ambaye alikuwa wa kanisa letu. Mwaka 1989 serikali ya Ghana ilisimamisha shughuli za Kanisa letu, nyumba za ibada zikafungwa kuanzia Juni mwaka huo mpaka Novemba 1990. Waumini waliruhusiwa kusali majumbani mwao. "Jumapili nilikuwa nikirudi kutoka kanisani kwangu," Nana akasema, "namsikia akiimba ndani na watoto wake. Sauti ya chini. Nilikuwa nasimama nje kidogo, nisikie mpaka mwisho, ndipo niende nikapike."

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba Nana alikuwa na historia na Kanisa langu iliyo ndefu kuliko umri wangu.

Nikamwambia mwenzangu anitafsirie neno kwa neno. "Nana, Jumanne nilikuambia tutarudi. Sikuwa najua kama ni kweli. Nilikuwa nakuja kwa sababu ya kitabu. Ungenikataza kabisa, nadhani ningekuja mara mbili tatu kwa aibu, kisha ningetafuta nyumba nyingine." Nilipomaliza nilikuwa natazama chini, kwenye misumari.

Mwenzangu alitafsiri yote. Najua kwa sababu alichukua muda.

"Na leo umekuja kwa sababu ya nini?"

"Leo nimekuja kwa sababu ya jiko."

Nana alinitazama, akaokota msumari mmoja kutoka kwenye rundo langu, akaukagua, akaurudisha. "Huu bado," akasema.

Jioni jiko lilikuwa limesimama, limeinama kidogo upande wa bahari, lakini limesimama.

Usiku nilisoma tena maneno ya Mfalme Benjamini kwenye Kitabu cha Mormoni, yule mfalme anayewaambia watu wake kwamba amefanya kazi kwa mikono yake mwenyewe asije akawatwika kodi. Nimeyajua maneno hayo tangu darasa la watoto. Siku zote nilikuwa narukia mstari ulio mbele kidogo, ule maarufu wa kwamba ukimtumikia mwanadamu mwenzako unamtumikia Mungu. Kidole gumba kikinipwita, safari hii nilikaa kwenye mikono. Na nikamfikiria Joseph William Billy Johnson, ambaye kila mmisionari wa Cape Coast anamsikia kabla hajamaliza wiki ya kwanza. Alisoma kitabu hicho mwaka 1964, akaamini, akaanza kuhubiri na kukusanya watu bila kutumwa na mtu. Hapakuwa na mmisionari wa kumbatiza. Wakati huo mwanamume mweusi hakuruhusiwa kupokea ukuhani katika Kanisa letu, jambo ambalo mimi kijana wa Kiafrika bado linaniuma nikilitaja, na halikubadilika mpaka Juni 1978. Johnson alibatizwa Desemba mwaka huo. Miaka 14 alihudumia watu wake akiwa hana pa kuandika hesabu yoyote.

Ijumaa Nana akatuita chakula. Akasema atapika fufu, lakini aliye na mikono ndiye atakayetwanga.

Mimi nimekulia na kinu na mchi, nikadhani najua. Kinu cha fufu ni kipana na kifupi, kimekaa chini kama sinia, na mchi ni mrefu kunizidi, ncha yake imechanguka nyuzi kama brashi kwa kutumika. Ndani unatia muhogo uliochemshwa na ndizi za kupika. Mmoja anasimama na kutwanga. Wa pili anakaa kando ya kinu, na kila mchi unapoinuka anaingiza mkono, anaukunja ule unga, anaugeuza, anautoa mkono kabla mchi haujashuka. Hakuna anayehesabu. Wanaojua hufanya haraka kiasi kwamba ukitazama kwa mbali unafikiri mkono na mchi vinapita mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Mkono uliokuwa unaingia kinuni ulikuwa wa Nana. Mkono wa mtu wa zaidi ya miaka 70, mifupa yake inaonekana, una pete moja nyembamba. Nikauinua mchi nikauteremsha kama mtu anayemlaza mtoto. Fufu haikubadilika hata kidogo. Nikateremsha tena, pole, macho yamenikodoka kwenye vidole vyake.

"Yaw. Usiuangalie mkono wangu."

"Nitakuumiza, Nana."

"Ukiuangalia ndipo utakaponiumiza. Mkono wangu ni kazi yangu. Wewe piga, usibadili mwendo."

Mwenzangu aliacha kutafsiri katikati, sikuhitaji tena. Niliinua macho nikayaweka kwenye ukingo wa lile bati nililolipigilia jana. Nikapiga. Nikasikia kofi laini la kiganja chake likigeuza unga, nikapiga, nikasikia kofi, nikapiga. Kwa dakika nzima moyo ulikuwa unanienda mbio. Kisha kitu kikalegea mabegani. Sauti zile mbili zikawa moja yenye miguu miwili, na donge ndani ya kinu likaanza kung'aa na kuvutika. Malengelenge yalinitoka kwenye viganja vyote viwili, na sikuyaona mpaka nilipokwenda kunawa.

Siku hiyo yeye ndiye aliyenibeba mimi. Sijui namna bora ya kulisema. Nilikuwa nimefika Ghana nikiamini kwamba katika huduma kuna anayetoa na anayepokea, na beji yangu nyeusi inaeleza mimi ni yupi. Pale kinuni mwenye kuhatarisha vidole vyake alikuwa Nana. Alikuwa ameuweka mkono wake chini ya mchi wa kijana mgeni, aliyekiri kwake jana tu kwamba alikuwa anamjia kwa hesabu.

Tulikula kwa mkono wa kulia, supu ya samaki yenye pilipili iliyotutoa machozi. Fufu haitafunwi, inamezwa. Mjukuu alinicheka kila nilipotafuna.

Jumamosi nitaipita haraka. Ghana hiyo ndiyo siku ya mazishi, mji mzima unavaa nyeusi na nyekundu. Mtaani kwa Nana alikuwa anazikwa mzee mmoja, tukapanga viti vya plastiki asubuhi, tukavikusanya jioni. Katikati yake tulikuwa na ubatizo wa kijana tuliyekuwa tumemfundisha kwa miezi miwili. Nilifurahi, kwa furaha ya kweli. Sitaki mtu asome haya akadhani nasema kuhubiri ni kosa. Nilikwenda Ghana kuhubiri na ningekwenda tena kesho. Yule kijana alipotoka majini akifuta uso, niliona kwamba nilimfurahia yeye, jina lake na kicheko chake, kabla sijakumbuka kuwa ni ubatizo wa kuandika.

Jumapili saa mbili na nusu asubuhi tulikuwa tunashuka kuelekea kanisani, mashati meupe, viatu vimesuguliwa. Barabara ilikuwa bado na tope la ile mvua. Mbele yetu tukamwona Nana, amevaa kitenge cheupe chenye maua ya bluu, kilemba cheupe, Biblia kwapani, amesimama kwenye ukingo wa mfereji uliofurika. Ubao wa kuvukia ulikuwa umechukuliwa na maji. Watu walikuwa wanaruka. Yeye hawezi kuruka.

Kanisa lake liko upande mmoja, letu upande mwingine. Mkutano wa sakramenti, ibada yetu ya Jumapili ya mkate na maji, ulikuwa unaanza saa tatu, na nilikuwa nimepangiwa kupitisha mkate. Nilimtazama mwenzangu. Alikuwa ameshaanza kukunja suruali.

Tulishuka mferejini, maji yakafika magotini. Mmoja huku, mmoja huku, Nana akaweka mikono yake mabegani mwetu, akavuka juu juu kama anayevuka mlango. Upande wa pili hakutuachia. Aliushika mkono wangu mpaka barabara kuu, mpaka kwenye ngazi za kanisa lake, na njiani akawa anawaamkia watu kwa sauti: huyu ni Yaw, huyu ni mtoto wa Kumasi, wananisindikiza. Ndani walikuwa wameanza kuimba. Wamisionari wawili wa Kimormoni, beji vifuani, suruali zinavuja tope, tukamfikisha mama wa Kimethodisti mpaka mlangoni pa ibada yake. Mzee wa pale mlangoni alitupa mkono. Nana akaingia bila kugeuka.

Tulifika kwetu saa tatu na dakika kumi. Mtu mwingine alikuwa ameshika nafasi yangu ya kupitisha mkate. Nikakaa nyuma kabisa na soksi zilizolowa, na sakramenti ilipofika kwangu, kipande kidogo cha mkate kisha kikombe kidogo cha maji, nilikishika kikombe kile kwa kiganja chenye malengelenge na nikashindwa kukinywa kwa muda kidogo. Ndoo sita kila siku nilizozibeba, na sikuwahi kufikiri mtu ananiletea mimi maji.

Kila Jumapili jioni mmisionari hutuma hesabu za wiki. Watu wapya wanaofundishwa, waliohudhuria sakramenti, waliowekewa tarehe ya ubatizo, waliobatizwa. Nilijaza. Kwa Nana palikuwa sifuri kila mahali, na kwa mara ya kwanza sikujaribu kutafuta namna ya kuieleza sifuri hiyo.

Siku ya maandalizi ni Jumatatu. Tulifua, tukaenda sokoni, kisha nikampigia Mama. Tangu Februari 2019 tunaruhusiwa kuzungumza na nyumbani kila wiki. Waliotutangulia walipata mara mbili tu kwa mwaka. Nilimsimulia yote, misumari, mchi, mfereji. Alinyamaza pale kwenye mfereji. Kisha nikamwambia hapa naitwa Yaw kwa sababu nilizaliwa Alhamisi.

"Nani kakuambia Alhamisi?"

"Cheti, Mama. Na simu."

"Cheti kimeandikwa siku niliyofika hospitali. Wewe ulizaliwa njiani, mwanangu, Jumatano usiku, bado saa nzima kufika saa sita. Mama mmoja nisiyemjua alinifungulia nyumba yake. Alichemsha maji usiku kucha. Asubuhi ndiyo wakanipeleka." Akavuta pumzi. "Hata jina lake sikuuliza. Nilikuwa nimechoka mno."

Miaka 19 sikuwahi kusikia habari hiyo. Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Akasema hakuna aliyewahi kumuuliza siku.

Jumanne saa moja asubuhi bahari ilikuwa imepumzika na mtaa uko kimya. Nilikwenda bombani kwanza, nikapanda na ndoo ya kwanza kichwani, mwenzangu nyuma yangu na ya pili. Nana alikuwa anafagia uani.

"Nana," nikasema kwa Kifante changu kidogo nilichokuwa nimekariri njia nzima, "mimi si Yaw. Mama anasema ni Jumatano."

Akauegemea ufagio. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka kwenye ngata ya kitambaa kichwani.

"Kweku," akasema polepole, kama anayepima nguo. Kisha akaelekeza ufagio kwenye pipa. "Haya, Kweku. Bado nne."